NGOZI IVUTE I MAJI

Maneno ya kikundi cha kazi ya ngozi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za chama zimekwisha kusomwa, nanyi mmesikia kwamba fungu la kikundi chetu bado halijatumiwa. Baadhi ya wanachama wangependa fedha hizo zinunue cherehani kubwa ya kushonea ngozi. Si shauri baya, wala hatukusimama hapa kuwabeza walioleta shauri hilo. Lakini sisi tunaoshika ngozi kila siku tunaomba fedha hizo zitumiwe kwanza kwa jambo jingine, na kwa ruhusa yenu tutaeleza sababu.

Methali ya Waswahili yasema, "Ngozi ivute i maji." Waliotunga methali hiyo walikaa pwani, mbali na mito yetu ya Turkwel na Tarach, lakini mama yeyote wa Kiturkana angeielewa bila mkalimani. Ngozi iliyo bado na umaji hufuata mkono. Ikikwisha kukauka, hata watu kumi wakiivuta, itapasuka tu. Maneno yetu yote ya leo yamo ndani ya methali hiyo.

Ngozi katika maisha ya wazee wetu

Mturkana mfugaji ni mtu wa kuhama. Awi, yaani boma lake, hujengwa hivi kwamba mali yake iweze kufungwa na kupakiwa juu ya punda kabla jua halijawa kali. Chungu huvunjika njiani, ngozi haivunjiki. Ndiyo sababu wazee wetu waliifanya ngozi kuwa kitanda, nguo, kamba na kiatu. Ngozi ya ng'ombe ilitandikwa chini usiku, na mchana ikafunika mizigo. Ngozi ya mbuzi ililainishwa ikawa vazi la mama na la binti, ikapambwa kwa shanga. Ngozi nene ilikatwa ikawa makubazi na kanda za kufungia. Vyombo vya mti vya maziwa na mafuta vilipewa vifuniko na mikanda ya ngozi ili vibebeke. Ngao ndefu za zamani zilitoka katika ngozi ya twiga, nyati au kiboko.

Hata abarait, kile kisu cha mviringo kinachovaliwa kifundoni mwa mkono, kisingeweza kuvaliwa pasipo ukanda wa ngozi unaofunika makali yake. Pasipo chuma ngozi haikatwi, na pasipo ngozi chuma humjeruhi mwenyewe. Kwa hiyo hatuwezi kusema juu ya kazi ya ngozi tukaacha kusema juu ya zana.

Kwa desturi, kulainisha ngozi na kushona mavazi ilikuwa kazi ya wanawake, na wanaume walichonga ekicholong, kile kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kukilalia kichwa wakati wa kupumzika. Kila mmoja alijua zana zake, na zana nyingi alijitengenezea.

Sasa tuseme ukweli usiopendeza. Wazee wanaikumbuka Lopiar, ule ufagio uliopita katika miaka ya 1979 hadi 1981 na kuacha maboma matupu. Sisi vijana tumeuona ukame wetu wenyewe: kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana. Mifugo ikafa kando ya njia. Ni kweli kwamba ngozi ya mnyama aliyekufa kwa njaa ni dhaifu kuliko ya mnyama aliyechinjwa akiwa amenona. Ni kweli pia kwamba mzoga usiojulikana sababu ya kufa kwake usichunwe kamwe, maana kimeta kinaua mtu. Lakini wengi walichinja mbuzi wao mapema ili waokoe nyama, na ngozi za mbuzi hao tuliziona zimetupwa nyuma ya nyumba, zimekunjamana kama majani makavu. Hazikutupwa kwa sababu hazifai. Zilitupwa kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu anayejua la kufanya katika siku ile ya kwanza.

Siku ya kwanza

Tunasema siku ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo ngozi hupona au hufa. Katika joto la Lodwar, ambalo mara nyingi hupita digrii 35, ngozi mbichi iliyorundikwa huanza kuoza muda mfupi baada ya kuchunwa. Nywele zikianza kung'oka zenyewe, kazi imekwisha kuharibika.

Kosa la kwanza hufanywa na kisu. Mchinjaji mwenye haraka huingiza ncha mahali ambapo angetumia ngumi, naye huacha mikato ambayo haionekani mpaka ngozi ivutwe. Mama zetu hufundisha kwamba baada ya kupasua tumbo na miguu, ngozi ya mbuzi yafaa itolewe kwa ngumi na kidole gumba, wala si kwa makali.

Kosa la pili ni la kuianika vibaya. Ngozi ikitandazwa juu ya mchanga wenye moto, upande wa nje hukauka upesi na kuwa mgumu, na unyevu uliobaki ndani huozesha katikati. Kwa macho yaonekana nzuri. Ikilowekwa hupasuka vipande viwili. Tangu enzi za ukoloni maofisa wa mifugo walihimiza watu watumie fremu za miti, ngozi ifungwe kwa kamba pande zote, ikae kivulini huku upepo ukipita mbele na nyuma. Wazee wengi walidhani ni usumbufu wa serikali. Leo twakiri kwamba katika jambo hilo walisema kweli, na fremu yenyewe ni miti minne na kamba tu.

Iliyokusudiwa kuwa vazi haiachwi ikauke kabisa. Huwambwa kwa vigingi, hukwanguliwa nyama na mafuta yaliyobaki, kisha nywele. Hupakwa mafuta, husuguliwa na kukunjwa kwa mikono na miguu, hupumzishwa, hupakwa tena. Wengi hutia na udongo mwekundu. Kazi hii haina mkato. Kila ikunjwapo, nyuzi ndogo za ndani ya ngozi huachana, na mafuta huingia kati yake yakazizuia zisigandamane tena. Mtu akichoka kabla ya wakati, atapata ubao badala ya nguo.

Msharasi, kisu na kinoo

Wazee wetu hawakuyeyusha chuma. Walikipata kwa kubadilishana na majirani, na mikuki mingi ya zamani ilitoka kwa wahunzi wa Labwor, upande wa Uganda, ikapitia mikononi mwa Wajie hata ikatufikia. Kipande cha chuma kilikuwa mali, na hakuna aliyekitupa. Siku hizi chuma kimezagaa Lodwar na Kakuma kuliko kuni: springi za malori, spoku za baiskeli, misumeno iliyovunjika. Tulichopoteza ni jicho la kukiona.

Twaeleza zana tatu ambazo kila mwanafunzi wetu sharti azitengeneze.

Ya kwanza ni msharasi, chuma cha kutobolea ngozi. Msumari haufai, hupinda. Spoku ya baiskeli yafaa, na haitiwi motoni, kwa kuwa moto huondoa ugumu wake. Hukatwa urefu wa kidole cha kati, kisha husuguliwa juu ya jiwe lenye maji mpaka ncha iwe na pande nne kama almasi, wala si ya mviringo kama sindano. Ncha ya mviringo husukuma ngozi kando, na ngozi hurudi ikaubana uzi. Ncha ya pande nne hukata njia ndogo, na uzi hupita. Mpini huchongwa katika mti wa edome, ambao ni mgumu na hauchani mkono. Mwisho, shingo ya mpini huvikwa ngozi mbichi iliyolowa na kushonwa. Ikikauka hujikaza yenyewe, wala mpini haupasuki upesi. Hapo mwanafunzi huielewa methali yetu kwa vidole vyake kabla hajaielewa kwa masikio.

Ya pili ni kisu cha kukatia chenye umbo la nusu mwezi, kutoka katika chuma cha springi. Chuma hiki hupashwa moto hata kiwe chekundu, hufuliwa, hupewa umbo kwa tupa. Kisha hupashwa tena. Jinsi ya kujua kwamba moto umetosha ni hii: kipande cha sumaku kutoka katika spika ya redio iliyokufa hakikishiki tena chuma. Mara hiyo hukitosa katika mafuta machafu ya gari. Sasa ni kigumu, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hung'arishwa kwa jiwe na kupashwa polepole, huku mtu akitazama rangi ikitembea juu yake. Ikifika rangi ya majani makavu, aondoe upesi. Akingoja mpaka iwe buluu, kisu hakitavunjika, lakini makali yake hayatadumu.

Ya tatu ni kinoo. Kinoo hakitengenezwi, huchaguliwa. Mwanafunzi hutumwa mtoni, katika mchanga wa Turkwel au wa Tarach, arudi na mawe matano. Mzee hujaribu kisu juu ya kila moja, na kwa kawaida manne hutupwa. Jiwe la tano mwanafunzi hulitunza kama mali.

Mwenye zana hizo tatu, pamoja na ukano wa mnyama au uzi uliopakwa nta, aweza kushona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Mshono huo, mmoja ukikatika, mingine hushika. Mshono wa cherehani ni wa haraka na hupendeza macho, lakini uzi ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka. Kwa kiatu kinachotembea juu ya mawe na miiba, tofauti hiyo si ndogo.

Sanduku lililotoka mbali

Miaka kadhaa iliyopita wahisani fulani walituletea masanduku ya zana, moja kwa kila kijana aliyemaliza mafunzo ya majuma machache. Zilikuwa zana nzuri, za kung'aa. Tulipiga picha, tukaimba, tukashukuru. Hatusemi haya kwa kukosa shukrani.

Baada ya mwaka mmoja tulizunguka kuwatazama vijana wale. Wengi walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Tulipouliza sababu, hatukusikia habari za uvivu. Mmoja msharasi wake ulivunjika ncha, akangoja mwingine utoke Nairobi. Mwingine kisu kiliisha makali, naye hakujua kunoa, akakirudisha sandukuni. Wa tatu aliuza sanduku zima alipougua mtoto wake, na hatuwezi kumlaumu, maana sanduku lile halikuwa na jasho lake ndani yake.

Mtaani humo humo alikuwepo mama mmoja ambaye hakupewa sanduku. Alikuwa na msharasi wa zamani uliofupika hata ukabaki ncha tu, na kisu ambacho mpini wake ulibadilishwa mara nyingi. Alikuwa akishona. Wateja walikuwa wamekaa kivulini wakimngoja. Mama huyo tulimzika mwaka huu, na mwingine wa rika lake miezi michache baadaye. Zana zao zimehifadhiwa na watoto wao. Tulipozishika tuliona jambo la kutuhuzunisha: tulijua kila moja ni ya kazi gani, isipokuwa moja. Ni chuma kifupi chenye mkunjo, kimeliwa upande mmoja tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza.

Bwana Mwenyekiti, chuma kile ndicho kilichotuleta mbele yenu.

Soko, majirani na miti

Wengine watasema, je, nani atanunua? Swali ni la haki. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa baadaye, mwaka 2016. Wamekuja watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Miongoni mwao wamo mafundi wa viatu na wa mikoba ambao kwao kazi ya ngozi ni ya heshima kama kwetu. Wamekuwa wateja wetu, na mara nyingine walimu wetu. Viatu vya akala vinavyokatwa katika matairi ni rahisi na hudumu, nasi wenyewe twavivaa. Lakini tairi halifanyi ala ya kisu, wala mkanda wa kibuyu, wala vazi la sherehe.

Hata hivyo, tusijidanganye. Ngozi iliyolainishwa kwa mafuta peke yake ikilowa hugumu tena, na harufu yake haimpendezi mnunuzi wa mjini. Ili idumu sharti idabaghiwe, yaani ilowekwe katika maji ya magome au matunda yenye ukali unaokausha ulimi. Katika nyanda za juu za Kenya watu wametumia magome ya miti ya mwati. Ndugu zetu wa Sudan hutumia maganda ya aina moja ya mgunga, nayo yafaa sana.

Hapa twatoa onyo. Mti ukivuliwa gome pande zote hufa. Katika nchi yetu mti si wa mpita njia: kando ya mto kila familia ina ekwar yake, na wazee ndio wanaoamua nani avune nini. Kwa hiyo tumekubaliana katika kikundi kwamba hatutavua gome la mti ulio hai. Tutaokota maganda yaliyoanguka, kwa idhini ya wenye ekwar, nasi tutawaachia mbuzi sehemu yao. Vilevile hatutatumia dawa za viwandani zenye kromi mpaka tupate mahali salama pa kumwaga maji yake. Mto Turkwel hunywesha watu na mifugo kabla haujafika ziwani. Hatuwezi kumvika mtu viatu na kumnyima maji.

Ombi letu

Sasa twaleta ombi, na twaomba mlijadili kama mjadilivyo mambo mazito chini ya Mti wa Wanaume, pasipo haraka na pasipo kumwonea mtu haya.

Kwanza, fedha zilizobaki zitumiwe kuwalipa mama na wazee wanaoijua kazi hii, wawili Lodwar na wawili Kakuma, wafundishe kwa mwaka mzima. Tunasema kulipa, si kushukuru kwa soda. Mwalimu wa shule hulipwa, na fundi wa magari hulipwa. Anayefundisha kazi ya wazee wetu tumezoea kumwita tu aje kucheza ngoma siku ya wageni.

Pili, zijengwe fremu za kukaushia ngozi karibu na machinjio ya miji yote miwili, na wachinjaji waitwe wafundishwe kuchuna bila kukata.

Tatu, mwanafunzi asipewe zana yoyote ya kununuliwa kabla hajatengeneza zile tatu kwa mkono wake na kuzionyesha mbele ya mwalimu. Akikwisha, chama kimsaidie kwa zile asizoweza kuzitengeneza, kama tupa na koleo.

Nne, kila zana ya mzee aliye hai iandikwe: jina lake kwa Kiturkana, kazi yake, na namna ya kuitengeneza. Kazi hiyo haina gharama ila daftari na masikio.

Cherehani tutaihitaji siku moja. Tukiwa na watu kumi wanaojua kuchagua ngozi, kuikata na kuinolea kisu, cherehani itawaongezea mwendo. Tukiinunua leo, itakaa chini ya turubai ikingoja fundi kutoka mbali, kama yalivyongoja yale masanduku.

Wazee wetu, twajua kwamba mliona mengi, na kwamba vijana wengi wamewajia na maneno matamu kuliko haya yetu. Hatuwaombi mrudi zamani. Binti zetu wataendelea kuvaa vitenge, na sisi tutaendelea kubeba simu mifukoni. Twaomba tu kwamba yule atakayetaka kujipatia riziki kwa ngozi asilazimike kungoja gari la Kitale ili apate chuma cha kutobolea tundu.

Walimu wanne tunaowakusudia wako hai. Wawili wao wamo ndani ya mkutano huu, nao wamekaa kimya, kwa kuwa si desturi yao kujiombea. Macho yao bado yanaona tundu la sindano, lakini hatujui yataona kwa miaka mingapi. Ngozi ingali na maji. Tuivute.